Milele Yao, Milele Yetu

Mwezi wa Agosti 1904 viongozi wa Kimaasai, Olonana akiwa mmoja wao, waliketi na Kamishna Donald Stewart wakatia alama zao kwenye mkataba. Walikubali kuyaacha malisho yao ya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha na Elmenteita hadi nyanda hizi za Nakuru ninakoishi, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Wenyewe wangegawanywa mafungu mawili, wengine waende Laikipia na wengine kusini mwa reli. Serikali ya Uingereza nayo iliahidi kwa maandishi kwamba makazi hayo mapya yangekuwa yao muda wote ambao Wamaasai wangeendelea kuwapo duniani kama taifa.

Muda huo wote ulikuwa miaka saba.

Kufikia 1911 walowezi walikuwa wameshaona jinsi Laikipia inavyofaa kwa kondoo na ng'ombe, na Gavana Percy Girouard akaleta mkataba wa pili. Legalishu, aliyekuwa kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia, alipinga kabla ya kukubali shingo upande. Watu, ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaswagwa kuelekea kusini, na safari ya kupitia milima ya Mau kwenye mvua na baridi ikaua wengi, binadamu na mifugo. Baadhi yao hawakunyamaza. Walitafuta mawakili, wakaishtaki serikali, kesi ikafika mahakamani 1913. Ikatupwa. Majaji walisema Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza. Ni wageni walio chini ya ulinzi wake, wana mamlaka yao wenyewe, na makubaliano baina ya mamlaka mbili kama hizo hayasikilizwi na mahakama ya kawaida. Kwa maneno mengine, walinyimwa haki yao kwa hoja kwamba wao ni taifa huru mno.

Miaka minane baadaye, 1921, Jaji Mkuu wa koloni lile lile, Jacob Barth, aliamua kesi ya ardhi baina ya Wakikuyu. Akasema kwamba baada ya sheria ya ardhi ya 1915 na baada ya nchi kufanywa koloni 1920, Mwafrika hana haki ya kumiliki ardhi anayoishi. Ni mpangaji wa Mfalme, na Mfalme akitaka humwondoa.

Ziweke hukumu hizi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Mwafrika alipotaka kudai mkataba wake aliambiwa yeye ni mtu wa dola nyingine. Alipotaka kudai shamba la baba yake aliambiwa yeye ni mpangaji tu. Mimi nimezisoma mara nyingi na kila mara damu hunichemka, kwa sababu sijawahi kuona mahali ambapo ukoloni umejieleza waziwazi kuliko hapo. Sababu ilikuwa inabadilika kila ilipobidi. Kilichokuwa hakibadiliki ni nani anaondoka na ardhi.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Nimezunguka Njoro, Rongai, Subukia, Bahati na Molo nikitafuta mawe ya mipaka yaliyofukiwa na vichaka, watu wakiwa wamenizunguka kila mmoja na hatimiliki yake mkononi. Mara nyingi, ukifuatilia namba ya ploti ndogo ya mjane au ya mwalimu mstaafu, unafika kwenye ramani kuukuu ya shamba moja kubwa la mlowezi, ekari maelfu, lililokatwakatwa baada ya uhuru. Mstari aliouchora mpimaji wa serikali ya kikoloni ndio unaoamua leo ua wa nani unavunjwa na wa nani unabaki. Ndiyo maana mtu akiniambia mambo ya ukoloni yamepita tuyasahau, mimi hushindwa hata kujua nianzie wapi kumjibu. Napimia kwa mistari yao kila siku.

Hiyo sheria ya 1915 ilikuwa na jambo jingine. Ile ya kwanza, ya 1902, iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Kwa masharti hayo ndipo mlowezi Lord Delamere alipopewa ekari 100,000 kule Njoro mwaka 1903. Lakini walowezi walilalamika kwamba miaka 99 ni michache, haimpi mtu moyo wa kuwekeza, na serikali ikawasikia. Miaka 99 ikawa 999. Aliyepewa shamba lake 1915 alihakikishiwa kulimiliki hadi mwaka 2914. Linganisha na ile ahadi ya Laikipia, iliyovunjwa kabla mtoto aliyezaliwa siku ya mkataba hajang'oa meno ya utotoni yote.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu himaya ya Waingereza. Watu wengi huikumbuka kwa bunduki, na bunduki zilikuwapo, nitazifikia. Lakini iliyokaa zaidi, iliyoingia ndani ya maisha yetu hata leo, ni ile tabia ya kutoa ahadi za aina mbili: ahadi kwa mlowezi, inayolindwa kwa sheria, polisi na mahakama, na ahadi kwa mwenyeji, inayodumu hadi siku ambayo kitu alicho nacho kitatamaniwa.

Tuzitazame sababu zao, maana walikuwa nazo nyingi na wapo wanaozirudia mpaka sasa, wengine wakiwa ndugu zetu kabisa.

Ya kwanza ni kwamba ardhi ilikuwa tupu. Sir Charles Eliot, kamishna aliyemtangulia Stewart, aliiona nchi hii kuwa mahali pa kujengwa upya na Wazungu, na wasafiri wa wakati ule waliandika kuhusu mabonde mapana yasiyo na mtu. Walichokiona kilikuwa na chanzo. Sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ikaja ndui. Kisha ukame na njaa kali kati ya 1897 na 1900. Wamaasai walikuwa wamepoteza mifugo, watu walikuwa wamekufa, wengine wamekimbilia kwa majirani kuomba hifadhi. Mgeni akiikuta nyumba ya waliofiwa imefungwa kwa sababu wenyewe wamekwenda matangani, je, nyumba hiyo ni yake? Isitoshe, malisho ya mfugaji lazima yaachwe wazi sehemu ya mwaka ili majani yapone. Kuyaona wazi na kusema hayana mwenyewe ni ama ujinga au hila, na kwa jinsi mashamba yalivyogawanywa haraka haraka, mimi naona hila.

Ya pili ni utumwa. Uingereza ilisema inaingia Afrika Mashariki kukomesha biashara ya watumwa, na reli ya kwenda ziwani ilinadiwa Bungeni kule London kama silaha dhidi ya biashara hiyo. Siwezi kudharau kukomeshwa kwa utumwa. Wapo watu wa Pwani ambao mababu zao walinunuliwa na kuuzwa, na uchungu huo ni wa kweli. Ila tarehe nazo ni za kweli. Himaya ilitangaza ulinzi wake juu ya nchi hii mwaka 1895. Utumwa ulikuja kuondolewa nguvu ya kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka kumi na miwili baadaye. Ardhi ya Wamaasai ilichukuliwa miaka mitatu kabla ya mtumwa wa Malindi kuachiwa na sheria. Serikali iliyokuwa na haraka ya jambo fulani huonekana kwa mpangilio wa kazi zake.

Ya tatu ni reli yenyewe, na hii ndiyo ninayoisikia zaidi, hasa nikiwa Kisumu. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 chuma cha mwisho kikapigiliwa kando ya ziwa, mahali walipopaita Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati huo Kisumu na Nakuru hazikuwa hata sehemu ya nchi inayoitwa Kenya leo. Zilihesabiwa upande wa Uganda, na mwaka 1902 London ikahamisha mpaka kwa kalamu, wenyeji wakaamkia nchi nyingine bila kuulizwa. Waliotandika reli walikuwa hasa vibarua kutoka India, zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Walipa kodi wa Uingereza waligharimia pauni zipatazo milioni tano na nusu.

Wakisema walijenga, basi walijenga, sina ubishi. Lakini tuendelee kusimulia hadi mwisho. Reli ilipofika Kisumu haikuwa na mizigo ya kutosha kulipa gharama zake. Ndipo ikaja hoja ya kuleta walowezi: wape ardhi kando ya reli, walime, wasafirishe, reli ijilipe. Kwa hiyo reli ndiyo iliyohitaji ardhi ya watu. Matawi yaliyojengwa baadaye yalipita penye mashamba ya walowezi. Hapa kwetu lilijengwa hadi Solai. Mkulima wa Kiafrika alikuwa karibu na reli hiyo hiyo na bado alizuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930, ambapo Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa kujaribu. Mtu aliyezuiwa kulima zao lenye bei hawezi kuambiwa ashukuru kwa behewa la kulibebea.

Na kabla haijafika ziwani, ilibidi ipite karibu na nchi ya Wanandi.

Wanandi walipigana na Waingereza tangu 1895 kwa zaidi ya miaka kumi. Waling'oa nyaya za simu, wakachukua vyuma vya reli, wakavizia misafara, na jeshi lenye bunduki za rashasha likaja mara baada ya mara bila kuwamaliza. Aliyewaunganisha alikuwa Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei. Mnamo Oktoba 1905, afisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen alimwita kwenye mazungumzo ya amani. Asubuhi ya tarehe 19 walikutana, na Koitalel akapigwa risasi pale pale pamoja na watu aliokuja nao. Uchunguzi ulifanywa zaidi ya mara moja na kila mara Meinertzhagen akaondolewa lawama, ingawa mwaka uliofuata aliondoka nchini. Baada ya kifo cha Koitalel jeshi liliingia Nandi: zaidi ya watu 1,000 waliuawa, zaidi ya ng'ombe 16,000 wakachukuliwa, na waliosalia wakasukumwa mbali na njia ya reli.

Fimbo za Koitalel zilichukuliwa Uingereza zikakaa huko miaka mia moja. Mwana wa Meinertzhagen alizirudisha 2006, na leo ziko kwenye jumba la makumbusho kule Nandi Hills. Ukienda, nenda bila haraka. Wazee wa huko wanaendelea kuamini kwamba kichwa chake pia kilipelekwa Uingereza, na wanakidai. Mimi nikiwa pale nilikuwa nafikiria zaidi ule mwaliko. Katika desturi zote za jamii zetu za magharibi mwa Kenya, anayekuitia amani hakugusi. Ukimgusa uliyemwita, umejilaani wewe na kizazi chako. Waliokuja kutufundisha ustaarabu walilijua hilo, na ndilo walilolitumia.

Baada ya bunduki ikafuata kodi. Wengine huitaja kodi ya nyumba kama jambo dogo la kiofisi, lakini ndiyo iliyokuwa mashine yenyewe. Kila nyumba ililipiwa, na ililipiwa kwa fedha taslimu, rupia. Mtu wa Vihiga au Siaya alikuwa na mtama, ng'ombe na majembe; rupia hakuwa nazo. Rupia zilikuwa kwa Mzungu, na njia ya kuzipata ilikuwa kwenda kumfanyia kazi. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata kijana asiye na nyumba asipate pa kujificha. Kisha ikaja sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha: kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 abebe karatasi yenye alama za vidole vyake na taarifa za mwajiri wake, ndani ya kijaluba cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukitoroka kwa mwajiri mkatili, karatasi hiyo inakufuata. Ukikutwa bila hiyo, ni jela.

Babu yangu aliondoka Vihiga kwa ajili ya kodi. Alikwenda Njoro akawa skwota: alipewa sehemu ya kujenga na kulima kidogo, naye akawa na deni la siku za kazi kwa mwenye shamba kila mwaka. Sheria ya maskwota ya 1918 ilidai siku 180. Katika miaka ya 1940 sehemu nyingine za nyanda hizi zilifikia siku 270, huku mifugo ya skwota ikizidi kupunguzwa kwa amri. Mama yangu alizaliwa kwenye shamba hilo. Alipokuwa akinisimulia, kilichomuuma zaidi hakikuwa kazi. Ilikuwa kwamba baba yake, mtu mzima mwenye wajukuu, aliitwa boi na mtoto wa mwenye shamba mbele ya familia yake, naye akaitika.

Si mbali na hapo, Ngata, mlowezi mwingine, Lord Egerton, alijenga jumba lake la mawe kati ya 1938 na 1954. Lina vyumba 52. Aliishi humo bila mke wala mtoto, akafa 1958. Siku hizi ni mahali pa kupigia picha za harusi, na mandhari ni mazuri kweli, siwalaumu maharusi. Ila ningependa mwongoza wageni awaeleze pia maskwota wa mashamba yale walilala wapi wakati mawe hayo yanapangwa.

Watu wa Nyanza hawakuvumilia kimya kimya. Desemba 1921 walikusanyika Lundha, Gem, vijana wengi wao wakiwa wamesoma Maseno, shule ya wamishonari iliyoanza 1906. Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende wakawa viongozi wa chama kipya, Young Kavirondo Association, na harakati yao ikajulikana kwa jina la Piny Owacho, nchi imesema. Kodi ilikuwa imepandishwa, mishahara imekatwa kwa theluthi, kipande kiko shingoni, na nchi imegeuzwa koloni. Walitaka yote hayo yarudishwe nyuma, na walitaka hatimiliki za ardhi yao. Mwaka 1922 Gavana Edward Northey alilazimika kuja kukutana nao Nyahera, karibu na Kisumu. Walipata nafuu kidogo ya kodi. Kipande na ukoloni vilibaki, na mwaka uliofuata chama kikawekwa chini ya uongozi wa mmishonari Archdeacon Walter Owen, mtu mwenye nia njema kwa kiasi chake, kikaitwa chama cha ustawi wa walipa kodi, makali yake yakapungua. Lakini mimi nawavulia kofia wale vijana wa Lundha. Waliona mapema kabisa kwamba bila karatasi ya ardhi mkononi ahadi zote za serikali ile ni upepo.

Kakamega iliwathibitishia. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka, unaojulikana kwa jina la Devonshire, ukisema Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi ya Waafrika yatatangulizwa. Mwaka 1930 ikapitishwa sheria kwamba ardhi ya maeneo waliyotengewa Waafrika ni yao milele, na kipande chochote kikichukuliwa kwa manufaa ya umma lazima wapewe ardhi nyingine badala yake, baada ya baraza la wenyeji kuulizwa. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa kwa haraka: kwa ajili ya dhahabu, ardhi ingeweza kuchukuliwa kwa fidia ya fedha tu, na baraza halikuwa tena na lazima ya kuulizwa.

Milele ya Waluhya ilidumu miaka miwili.

Kericho nako mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuiondoa familia nzima ya Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikaihamishia Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbu na mbung'o. Wazee, wanawake, watoto. Walikaa huko hadi karibu na uhuru. Milima yao ya zamani ilikuwa imefunikwa na chai ya makampuni.

Nikifika kwenye uhuru naingia kwenye sehemu inayoniumiza zaidi, kwa sababu hapa wanaoshika kalamu ni wenzetu.

Mwaka 1962 ulianza mpango wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi waliotaka kuondoka yalinunuliwa, yakakatwa, wakawekwa Waafrika, takriban familia 35,000. Fedha zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi, na sehemu kubwa yake ilikuwa mkopo. Mlowezi alilipwa bei nzuri akaenda zake. Aliyepewa ekari zake chache alianza uhuru akiwa na deni la ardhi iliyochukuliwa bila malipo miaka sitini iliyotangulia. Mashamba mengine makubwa yalipita nje ya mpango huo yakaingia mikononi mwa watu wenye vyeo. Hapa Nakuru zikaibuka kampuni za kununua mashamba: watu walichanga, wakanunua hisa, wakaokota karatasi zenye namba za vipande. Mama yangu aliuza maziwa na mahindi kwa miaka mingi kulipia hisa yake. Alipata ekari mbili kwenye nyanda zile zile ambako alizaliwa akiwa mtoto wa skwota.

Je, ile ardhi ni ya mama yangu? Ninasema ndiyo, alilipa kwa jasho lake. Je, Mmaasai au Mkalenjin anayesema babu yake alifukuzwa pale bila kulipwa anadanganya? La, hadanganyi. Hapo ndipo himaya ilipotuacha: watu wawili wenye madai ya kweli juu ya shamba moja, na mwizi wa kwanza ameshalipwa na kuondoka. Mwaka 1992, kisha 1997, kisha 2008, wanasiasa wetu walichukua madai hayo mawili wakayawasha moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Nakuru mjini tuliona maiti barabarani mwishoni mwa Januari. Molo watu walikuwa wamekwisha kuhamahama tangu 1992. Wauaji walikuwa Wakenya na hawana udhuru. Waliowachochea hawana udhuru zaidi. Lakini anayesema ulikuwa ukabila tu hajawahi kusoma ramani ya shamba.

Kabla ya haya yote kulikuwa na Olenguruone, huko huko milimani upande wetu. Serikali iliwahamishia Wakikuyu pale 1941 baada ya kuwaondoa kwingine, kisha ikawawekea masharti kama ya wapangaji. Walikataa, wakala kiapo cha umoja kilichokuja kuenea hadi kwenye vita vya Mau Mau, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakafukuzwa. Mahali hapo palikuja kuwaka tena miaka ya 1990, kati ya watu wengine. Mipaka tumeirithi, na hofu tumeirithi pamoja nayo. Sheria za machifu, tulizokuwa nazo miongo mingi baada ya uhuru, tulirithi. Serikali inayomhamisha mtu kwanza na kumweleza sababu baadaye, tulirithi na kuitunza vizuri sana.

Uingereza yenyewe imesema nini? Juni 2013, baada ya wazee wa Mau Mau kuishtaki London, na baada ya kugundulika kwamba mafaili ya kikoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali kule Uingereza, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisema serikali yake inasikitika kwa mateso yaliyotokea. Wadai 5,228 wakapewa fidia, jumla pamoja na gharama ikiwa pauni milioni 19.9. Mfalme Charles alipokuja 2023 alisema ukatili ule hauna udhuru. Msamaha rasmi hakuomba. Na maneno yote hayo yalihusu vita vya miaka ya 1950. Kuhusu ardhi, kimya.

Wakipsigis na Watalai ndio waliokataa kimya hicho. Walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na 2021 wataalamu wake wakaeleza wasiwasi wao kwamba Uingereza haijawajibika. Mwaka 2022 wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Wanachodai kinaeleweka na mtoto: mkiri mlituondoa, mtuombe radhi, mtulipe.

Nasi hapa nyumbani tuna neno letu la kusema. Katiba ya 2010 ilifuta miaka 999 kwa wasio raia. Siku ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010, ukodishaji wote wa muda mrefu zaidi uligeuzwa kuwa wa miaka 99. Nilifurahi sana kuona namba ile ikifa. Lakini hesabu iliwekwa ianze upya siku hiyo, hivyo mgeni aliyekuwa na mkataba wa tangu miaka ya 1920 alikabidhiwa karne nyingine karibu nzima, hadi 2109, na wazee wa Kitalai wanaoishi kwa kubanana Kericho hawakukabidhiwa hata tarehe. Bunge letu, serikali za kaunti na Tume ya Ardhi wana uwezo wa kulizungumza jambo hili bila kungoja ruhusa ya London: kodi ya ardhi inayolipwa ni kiasi gani, inakwenda kwa nani, na ni ekari ngapi zinazoweza kurudi kwa walioondolewa kabla ya 2109. Mafaili yapo. Namba za mashamba zipo. Sisi tunaopima tunazijua, na tukiitwa tutakwenda kuonyesha mawe yalipo.